Jumba lilipobaki bila wenyewe: kisa cha yumbe moja ya Lamu iliyogeuzwa makumbusho

Majina, mtaa na alama nyingine za kulitambulisha jumba hili zimeondolewa, na mambo machache madogo yamebadilishwa makusudi. Ukoo unaolimiliki umekubali kisa kiandikwe kwa sharti hilo. Mji wa Kale wa Lamu si mkubwa. Anayetaka kubahatisha atabahatisha, ila asije kuniuliza. Mimi niliitwa kulikagua baada ya dari kuanguka, kwa hiyo ya mwanzo nimeyapata katika kumbukumbu za mikutano, picha za mafundi na mazungumzo na waliokuwepo.

## Usuli

Jumba liko nyuma ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, katika sehemu ambayo vichochoro ni vyembamba hata punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja hulazimika kurudi nyuma. Majirani huliita yumbe, yaani jumba la mtawala, kwa kuwa zamani mkuu wa ukoo alikuwa akiketi dakani, kwenye baraza la mlangoni, kila asubuhi kusikiliza mashauri ya watu. Hakuwa sultani. Lamu ulikuwa mji wa wazee na koo, na hata baada ya vita vya Shela, alipokuja liwali wa masultani wa Busaidi wa Omani, nyumba kubwa za mji hazikunyamaza.

Anayetarajia kasri atavunjika moyo akiwa bado mlangoni. Sultani Barghash alipoijenga Beit al-Ajaib kule Unguja mwaka 1883 alitaka ionekane tangu baharini: orofa ndefu, mabaraza mapana yaliyoshikwa na nguzo za chuma, na taa za umeme wakati miji mingi ya pwani hii ilikuwa haijaziona. Wakubwa wa Lamu walijenga kwa nia nyingine. Nje ni ukuta wa mawe usio na pambo. Fahari yote imegeuziwa ndani, na huzidi kadiri unavyoiacha njia nyuma yako. Unapita daka, unapita tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, unatokea kiwandani kwenye ua mdogo ulio wazi juu. Kutoka hapo vyumba vinafuatana: kumbi mbili ndefu ziitwazo msana wa tini na msana wa yuu, na mwisho kabisa ndani, chumba cha wenye nyumba, ambako ukuta mzima umechongwa zidaka za chokaa, safu juu ya safu, za kupangia sahani za Kichina na vitu vya thamani.

Vyumba vyote ni virefu na vyembamba. Upana wake haufiki mita 3, kwa sababu dari imebebwa na boriti za mkoko na boriti haivuki zaidi ya hapo. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa ya matumbawe, juu ya mawe humwagwa kokoto na chokaa, kisha watu hupanda na kuponda mpaka paa likaze. Ni paa zito. Ni paa pia linalotaka kuangaliwa.

Chokaa hunywa maji na kuyatoa. Mvua ikinyesha ukuta hulowa, jua likiwaka hukauka, na chumvi iliyomo kwenye jiwe hutoka pamoja na unyevu na kudondoka na weupe wa mwaka uliopita. Ule weupe ni ngozi inayotarajiwa kubanduka. Ndiyo maana nyumba hizi hupakwa tena na tena.

Kwa maelezo ya ukoo, sehemu ya chini ni ya karne ya 18 na orofa iliongezwa karne iliyofuata. Baada ya 1895, Uingereza ilipotangaza himaya yake huku ukanda wa pwani ukibaki kwa jina chini ya Sultani wa Zanzibar, vyumba vya chini vilikodishwa kwa shughuli za serikali. Hapo ndipo sakafu ya saruji ilipoingia kwa mara ya kwanza, na boriti kadhaa zikaondolewa kupisha vyuma. Kisha ukoo ukarudi, ukazaa, ukatawanyika: Mombasa, Maskati, Dubai.

## Wazo la makumbusho

Jambo hili si geni Lamu. Ngome, iliyomalizika kujengwa mwaka 1821, iligeuzwa gereza mwaka 1910 na kubaki hivyo hadi 1984, kisha ikaingia mikononi mwa Makumbusho ya Taifa. Nyumba waliyoifanya Wajerumani posta kuanzia 1888 hadi 1891 nayo ni makumbusho, na ipo nyumba ya kale iliyorejeshwa ili mgeni aone namna watu walivyokaa. Mji wenyewe umo katika Urithi wa Dunia tangu 2001. Kwa hiyo vijana wa ukoo waliposema wafungue makumbusho yao, hakuna mzee aliyeshangaa.

Aliyesita ni Bi mkubwa wa ukoo. Alizaliwa katika jumba hilo na wakati huo bado akikaa orofa ya juu na wajukuu, na chini kulikuwa na familia mbili za wapangaji. Kumbukumbu za mkutano wa kwanza zinaonyesha aliuliza jambo moja mara kadhaa: nani atalala humo? Kila mara alijibiwa kwamba kutakuwa na mlinzi.

Mfadhili alipatikana nje ya nchi. Alikubali kulipia ukarabati kwa masharti mawili: jumba liwe tupu, na baada ya miaka michache liweze kujilipia gharama zake. Nayataja mapema kwa sababu karibu kila lililofuata lilitoka humo. Si masharti ya mtu mbaya. Mtu anayetoa fedha kwa ajili ya makumbusho hataki kulipia nyumba ya kupangisha, wala hataki kuombwa tena kila mwaka.

## Maamuzi na sababu zake

Kamati ilianza na swali ambalo kila jumba la kale huleta: tuonyeshe zama zipi? Baadhi walitaka orofa ya karne ya 19 ibomolewe na vyuma ving'olewe, ibaki nyumba "halisi". Wengine wakasema Waingereza nao walipita humo, na kuficha alama zao ni kudanganya. Kamati iliacha kila tabaka mahali pake. Nadhani walipatia, ingawa kumbukumbu zinaonyesha kilichowashawishi zaidi ni gharama za kubomoa.

Chumba cha ndani kilizua mjadala mfupi na mkali. Wanawake wakubwa wa ukoo hawakupenda wanaume wageni wakanyage mahali walipozaliwa na kuozwa. Ikakubaliwa mgeni asimame kizingitini na kutazama zidaka kutoka hapo. Wageni wanawake wangeweza kuingia wakiongozwa na mmoja wa mabinti wa ukoo. Wapo waliosema huko ni kuwanyima watalii kile walichokilipia. Miezi ya mwanzo ikaonyesha kinyume: kusimama kizingitini ndiko kulikowafanya wageni waielewe nyumba, kwa kuwa ilijengwa hivyo hasa, kwamba si kila mtu afike mwisho.

Zito zaidi lilikuwa chumba kidogo cha chini, kando ya ngazi, kisicho na dirisha. Rasimu ya kwanza ya maandishi ya ukutani ilikiita stoo. Mwalimu mmoja wa kike, binti wa ukoo huo huo, akasimama mkutanini na kusema: "Baba zangu, kila mmoja wetu hapa anajua nani walikuwa wakilala humu." Kukawa kimya. Utumwa ulifutwa kisheria kwenye pwani ya Kenya mwaka 1907, si zamani kiasi hicho, na zipo familia mjini ambazo babu zao walitoka katika vyumba kama kile. Baada ya vikao kadhaa maandishi yakabadilishwa. Sasa yanasema wazi kwamba walilala watumwa, na kwamba hao ndio waliochoma chokaa, waliobeba mawe kutoka Manda na kuponda paa. Mzee mmoja alijitoa kwenye kamati kwa ajili hiyo na hajarudi.

Likabaki paa. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na mikoko ikaingia humo. Mpango wa awali ulikuwa kubadilisha boriti zote za paa la orofa ya juu. Boriti hazikupatikana, na chache zilizopatikana zilikuwa kwa bei ya kuumiza. Mkandarasi, ambaye si mtu wa Lamu, akashauri boriti za zamani ziachwe kwa kuwa "zinaonekana nzima", na juu yake imwagwe zege jembamba lenye nondo ili maji yasipite kamwe. Zege hilo lingefaa pia kwa jambo la pili: mkahawa wa juu wenye kuona bahari, ambao ndio ungelipa mishahara. Kibanda cha makuti kilichokuwa juu ya paa, jiko la Bi mkubwa, kikaondolewa kwa sababu kiliziba mandhari. Milizamu ya mbao iliyotoka nje ya ukuta na kumwagia kichochoro maji ya paa ikakatwa, mahali pake pakawekwa paipu ya plastiki iliyofichwa ndani ya ukuta.

Fundi wa chokaa, mzee wa kisiwani, alipinga. Aliambiwa kazi yake ni kuta. Bi mkubwa alipandishwa juu kuonyeshwa paa jipya kabla ya kuhama. Alilizunguka taratibu, kisha akamwambia mkandarasi, "Mwanangu, mai yana ndia yake. Mumeiziba." Mkandarasi akamjibu kwa adabu kwamba saruji haivuji, Bi, usiwe na wasiwasi.

## Kilichotokea

Makumbusho yalifunguliwa katikati ya 2019. Wageni walikuja, mkahawa ukajaa jioni, na kwa kipindi hicho kila mtu aliona kamati imefaulu. Vuli ya mwaka huo mlinzi aliona doa la kahawia kwenye dari ya msana wa yuu, upande wa ukuta wa nyuma. Alilipiga picha kwa simu akamtumia msimamizi. Jibu lilikuwa kwamba litapakwa rangi. Likapakwa kweli, kwa rangi ya plastiki ya dukani, kabla ya ugeni fulani uliotarajiwa.

Machi 2020 korona ikaingia nchini na makumbusho yakafungwa. Msimamizi alirudi kwao. Mlinzi akabaki na ufunguo wa lango tu; madirisha yakafungwa, yakakaa hivyo kwa miezi.

Mwishoni mwa mwaka habari zikaja kutoka Unguja. Beit al-Ajaib, iliyokuwa imefungwa kwa wageni tangu kipande cha baraza yake kilipoanguka mwaka 2012, ilibomoka sehemu kubwa ya mbele tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini, na watu wawili wakafa. Lamu nzima ilizungumza. Kamati ilikutana kwa simu na mtu akauliza, je, letu? Ikajibiwa kwamba letu ni dogo, halina mnara, na paa lake ni jipya.

Masika yaliyofuata, usiku wa mvua kubwa, kipande cha dari ya msana wa yuu kilishuka chini: mawe, chokaa kuukuu na vipande vya zege. Hakukuwa na mtu ndani. Mtikisiko ulipasua sehemu ya zidaka za chumba kilicho nyuma yake na sahani kadhaa zikavunjika.

Tulipolifungua paa tulikuta hivi. Paipu ya plastiki ilikuwa imezibwa na majani, manyoya ya njiwa na vikombe vya karatasi vya mkahawa. Maji yalisimama juu ya zege, yakatafuta ufa mwembamba kati ya zege na ukingo wa ukuta, yakaingia. Yalipoingia hayakuweza kutoka tena, kwa kuwa juu kulikuwa na zege na chini rangi ya plastiki. Ncha za boriti, zile zilizoingia ukutani na zisizoonekana, zilikuwa zimelainika hata kidole kiliingia. Katikati, boriti hizo hizo zilikuwa ngumu kabisa. Mkandarasi hakudanganya aliposema zinaonekana nzima.

## Matengenezo ya pili

Zege lilitolewa kwa nyundo na patasi. Mashine ya kuvunjia ilikataliwa, kwa sababu mtetemo wake ungemaliza zidaka. Boriti mpya zilinunuliwa kwa kibali, na paa likapondwa upya kwa chokaa chini ya uangalizi wa yule yule mzee aliyeambiwa kazi yake ni kuta. Alikubali kurudi kwa sharti kwamba vijana wawili wa mtaa wafanye kazi naye tangu kuchoma mawe hadi kupaka. Milizamu ikarudishwa nje ya ukuta. Jirani wa upande wa pili wa kichochoro alilalamika kidogo kuhusu maji, kisha akakumbuka kwamba mama yake naye alikuwa akilalamika hivyo hivyo. Kibanda cha makuti kikajengwa tena, na mkahawa ukateremshwa kiwandani, kwenye meza chache.

Badiliko ambalo mfadhili hakulipenda ni kwamba mpwa wa Bi mkubwa, mumewe na watoto wao walihamia vyumba vya nyuma vya orofa. Hawalipi kodi. Badala yake ipo orodha ya kazi waliyoiandika pamoja na Bi mwenyewe, yeye akitaja na mtoto akiandika: kufungua madirisha asubuhi na kuyafunga kusi ikivuma kwa nguvu, kufagia paa na kuzibua milizamu kila baada ya mvua, kutazama ncha za boriti kila mwanzo wa masika na vuli, kupaka chokaa kabla ya Ramadhani, kukagua makuti.

Makumbusho yakafunguliwa tena kwa sehemu. Mapato ni madogo kuliko ya mkahawa wa juu, na mfadhili amezuia awamu ya mwisho ya fedha kwa hoja kwamba jumba si tupu tena. Zidaka zilizopasuka zimeshikizwa zisianguke zaidi, hazijachongwa upya.

## Uchambuzi

Katika kamati yapo maelezo mawili ya kuanguka kwa dari, na kila upande unashikilia lake. La kwanza linalaumu korona: kama watu wangekuwepo, doa lingeonekana. Hili halisimami, kwa sababu picha za mlinzi ni za vuli ya 2019. Doa lilionekana, likatumwa, likapakwa rangi.

La pili linalaumu saruji, na lina nguvu zaidi. Saruji juu ya matumbawe na chokaa ni ngumu kupita kile inachokifunika. Nyumba ikisogea, saruji hupasuka, na maji yakishapita ufa huyafungia. Lakini nyumba nyingi za Lamu zina saruji hapa na pale na bado zimesimama. Hata hili jumba lilikaa na sakafu ya saruji tangu zama za Waingereza.

Tofauti, kwa maoni yangu, ni kwamba siku zote kulikuwa na mtu anayeishi chini ya paa hilo. Mjukuu alitumwa juu na ufagio kila mvua ikikatika. Mpikaji alikuwa juu kila siku na angeona maji yaliyosimama kabla hayajapata ufa. Mpangaji wa chini alizibua mfereji wa kiwandani kwa sababu ungejaa chumbani kwake. Hakuna aliyeita hayo ukarabati, kwa hiyo hayakuingia kwenye bajeti, na jumba lilipofanywa tupu kazi zote hizo zilitoka mlangoni pamoja na magodoro ya wapangaji. Mlinzi aliajiriwa kulinda mali. Aliona doa, akafanya lililo ndani ya uwezo wake. Swali la Bi mkubwa, nani atalala humo, lilikuwa swali la kiufundi kuliko yote yaliyoulizwa mkutanini, na kumbukumbu zimeliandika chini ya "mengineyo".

Hapa ndipo chumba cha kando ya ngazi kinapohusika, ingawa kamati haikuviunganisha viwili hivyo. Jumba lilisimama karne mbili kwa kazi ya watu ambao hawakuhesabiwa: kwanza watumwa, baadaye watumishi, wanawake, wajukuu na wapangaji. Maandishi ya ukutani yalikiri hilo kuhusu watu wa kale wakati ule ule mkataba wa ukarabati ulipokuwa ukisahau warithi wao. Kilichofanya kazi vizuri zaidi katika mradi wote na kilichoharibika vibaya zaidi vinatoka chanzo kimoja.

Uamuzi wa kizingiti umedumu na ningeupendekeza kwa wengine. Uamuzi wa kuacha kila tabaka umedumu pia, ila una gharama ambayo bado haijalipwa: vyuma vya zama za himaya. Chuma ndani ya ukuta wenye chumvi hula kutu, kutu huvimba, na uvimbe hupasua jiwe. Viwili kati ya vyuma hivyo vimeanza kutoa michirizi myekundu. Nimeshauri vifunuliwe na kukaguliwa kimoja baada ya kingine, hata kama wageni wataona shimo ukutani kwa msimu mzima.

Kuhusu mkandarasi, simlaumu kwa kutoijua chokaa; wengi hawaijui. Kosa ni la mkataba uliomweka mzee wa chokaa chini ya mtu asiyejua kazi yake. Na marufuku ya mikoko, ambayo lengo lake lilikuwa kulinda misitu, ilikuta mji ambao mapaa yake hayajulikani kushikwa kwa kitu kingine. Ukoo sasa unaomba boriti zake mwaka mmoja kabla ya kuzihitaji, na kuzihifadhi kivulini.

Hoja ya mfadhili bado haijamalizwa. Kamati imemwandikia kwamba wakaaji wa nyuma wahesabiwe kama gharama ya matengenezo, na imeambatisha orodha ya kazi pamoja na daftari ambamo mpwa hutia alama kila siku. Jibu halijafika. Wakati huo huo wanaandaa kuondoa sakafu ya saruji ya vyumba vya chini, ambako ukuta unaendelea kumeguka kwa chumvi hadi usawa wa kiuno. Kazi hiyo itasubiri kiangazi, na itasubiri pia chokaa iive shimoni. Mzee amekataa katakata kuitumia mbichi.